Nyumba Imepangika, Binti Yangu Hapangiki

Mshauri wetu mpendwa, nakuandikia nikiomba unisaidie, maana hapa nilipofika sijui nishike lipi niache lipi, na ndugu zangu nikiwaeleza wananicheka, wanasema yaani wewe kwa mpangilio wako wote ndiyo umezaa mtoto wa namna hii?

Mimi ni mtunza stoo katika kiwanda cha milango na madirisha, niko pale tangu ujana wangu, na bila kujisifu hakuna stoo iliyonyooka kama yangu, njoo uniulize bawaba, kitasa, komeo, misumari ya saizi yoyote nakupa nimefumba macho, kila kitu kina rafu yake na kila rafu ina kibandiko chake, hadi wenzangu kazini wananiita Bwana Rafu, nami naitika. Sasa huyo Bwana Rafu anaishi na binti mmoja wa darasa la sita ambaye hajui hata kiatu chake cha kushoto kiko wapi.

Mama yake alifariki mwaka juzi. Marehemu naye alikuwa hivyo hivyo, anaacha ufunguo kwenye sukari, miwani anaitafuta huku ameivaa, tulikuwa tunagombana mpaka tunaishia kucheka. Watu wa msibani walipoondoka nikabaki na nyumba na mtoto, sikujua mikono yangu niifanyie nini, nikaanza kupanga. Nilipanga jikoni, nikapanga sebuleni, nikabandika vibandiko kwenye makabati, VIJIKO, TAULO, DAWA, nikaingia na chumbani kwa mtoto nikabandika MADAFTARI, KALAMU, SOKSI, na akiwa shule napita nyuma yake kila kitu nakirudisha panapotakiwa. Nyumba yangu leo ukiingia utadhani haikai mtu.

Lakini mtoto ndiyo kwanza kazidi. Sweta kaliacha uwanjani, rula hazikai, kuna siku alirudi na mkoba wa mtu mwingine na hakushtuka mpaka mwenye mkoba alipokuja kugonga mlango. Kazi za nyumbani anafanya, tena vizuri, ila hazifiki mezani kwa mwalimu, na kazi isiyofika ni sifuri. Mwalimu wake aliniita akaniambia, "Baba, huyu mtoto akili anayo. Tatizo si kichwa, tatizo ni mkoba." Akasema sifuri zikiendelea hivi hadi muhula uishe, atarudia darasa, na rafiki yake wa pekee atamwacha na kwenda la saba bila yeye.

Kila asubuhi ni hivi. Ninakunywa chai yangu, nasikia, "Baa-ba, hujaliona daftari langu la sayansi?" Naacha chai, naingia chumbani kwake, napiga magoti, nachungulia chini ya kitanda, nafunua godoro, na kinachoniumiza roho, mshauri, ni kwamba yeye hana wasiwasi kabisa, anakaa pale sakafuni karibu yangu ananihadithia habari za shule, nani kanuniana na nani, nani kaanguka gwarideni, kichwa changu kiko chini ya kitanda nakula vumbi. Namwambia, "Wewe mtoto, tunachelewa, unapiga soga!" Tunalipata au hatulipati, tunatoka, njia nzima namfokea.

Jioni tunakula, naosha vyombo, navipanga. Yeye yuko chumbani kwake na mimi niko sebuleni. Nawasha redio, lakini ule ukimya redio haiuzibi.

Nimemnunulia masanduku, nimemwahidi zawadi, nimemnyima kwenda kucheza, wapi. Dada yangu kanishauri nimpeleke shule ya bweni, huko matroni atamnyoosha. Jumapili nikamwambia binti. Kesho yake vikapotea viatu vyake vyote viwili, tukatafuta weee, nikavikuta nyuma ya tangi la maji. Mshauri, viatu havina miguu ya kujipeleka huko.

Nimpeleke bweni? Nikimwacha hapa atafeli, na nikimpeleka, ile nyumba sijui nitaikaaje. Nisaidie.

Mimi, Bwana Rafu.

JIBU

Bwana Rafu, pole. Pole kwa mkeo, na pole kwa hizo jioni. Nimekupa pole kwanza kwa sababu nitakugombeza, na ukinuna, nuna huku unasoma.

Mtoto huyu anaongea na baba yake saa ngapi? Nimeipekua barua yako nzima nikitafuta. Jioni yuko chumbani, wewe uko na redio. Njiani unafoka. Umebakiza mahali pamoja tu: pale sakafuni, unapotafuta daftari. Hapo ndipo unaingia chumbani kwake, unapiga magoti, yeye anakaa karibu yako na kukupa habari zake. Wewe unaita soga. Ndugu yangu, hiyo ndiyo saa yake na baba yake, na ameilipia kwa sifuri.

Sisemi anaficha kila kitu kwa makusudi. Mengine ni utoto, na mengine kayarithi kwa mama yake, tena umshukuru Mungu kuna kitu kimebaki. Lakini viatu vya nyuma ya tangi umeviona mwenyewe. Ulimwambia utampeleka mbali, naye akakutafutia kazi ya kufanya pamoja. Ole wako uende kumwambia, "Kumbe unaficha!" Hilo lifie hapa kati yangu na wewe.

Na wewe mkono wako ni mwepesi mno. Unapita nyuma yake kupanga vitu vyake akiwa shule, halafu unashangaa hajui vilipo! Mimi ningeingia stoo kwako nikahamisha bawaba zako zote ukiwa likizo, ungenifanyaje? Ungeniitia mlinzi.

Kwa hiyo sikiliza. Bweni hapana. Mmefiwa wawili, usimfanye afiwe tena peke yake. Chumbani kwake bandua vibandiko vyako vyote, na yeye mwenyewe aseme kipi kikae wapi, hata akisema kalamu zikae kwenye soksi, kubali. Mnunulie faili moja la plastiki lenye rangi kali, kazi ya nyumbani ikiisha tu iingie humo, na faili liingie mkobani. Kabla ya kula mfungue mkoba pamoja mezani, yeye apange na wewe uangalie, mikono yako ukiikalia ikibidi. Mkoba ulale mlangoni. Nenda kwa mwalimu, yule anampenda mtoto wako, mwombe binti akabidhi kazi anapoingia tu darasani kabla hajakaa. Na asubuhi kitu kikipotea usipige magoti tena, aende bila hicho akajieleze mwenyewe. Wiki za mwanzo zitakuuma. Vumilia.

Lakini usimnyime asubuhi bila kumpa jioni, maana hapo utakuwa umemfungia mlango wa mwisho. Zima redio. Mwulize nani kanuniana na nani, umsikilize mpaka mwisho. Mhadithie za ufunguo kwenye sukari, mcheke, mkilia pia mlie. Vyombo vitaosheka kesho.

Na usingoje Jumapili, anza leo. Ukitoka kazini, bisha hodi chumbani kwake, uingie, ukae sakafuni. Atashtuka, atakuuliza, "Baba, kumepotea nini?" Mwambie hakuna kilichopotea, umekuja kukaa naye tu.