Bi Mkubwa Hataki Kutoka Kitandani mwa Mtoto

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na ukitaka kunicheka nicheke, ila nijibu kabla ya Jumamosi maana maji yamenifika shingoni.

Mimi ni seremala, na mwezi huu mke wangu amejifungua salama mtoto wa kike. Shida yangu ni paka. Ni wa mke wangu, alikuja naye siku tulipooana, na kwa kuwa alinitangulia mimi tunamwita Bi Mkubwa. Sasa Bi Mkubwa hatoki kwenye kitanda cha mtoto, ukimfukuza kwenye pazia la mlangoni anarudi kwa dirisha, ukigeuka kuchukua nepi yumo, na juzi mama mkwe alimkuta amejikunja ubavuni mwa mtoto, mkia uko usoni mwa mtoto, akapiga ukelele mpaka fundi cherehani wa nyumba ya pili akaja mbio na mkasi mkononi.

Tangu hapo mama mkwe anasema paka ana wivu, na mke wangu ameamini, amekubali dada yake aje Jumamosi na kapu amchukue moja kwa moja, na kila akimwekea maziwa analia, anamwambia, "Nisamehe mwenzangu, miaka saba si mchezo, lakini mwanangu amekukosea nini?" Nami nimesimama hapo hapo natazama dari.

Mshauri, paka hana wivu, kosa ni langu. Kitanda kile nilikitengeneza mwenyewe miezi miwili kabla mtoto hajaja, ni cha kubembea, na nilitaka kujua kama kinabembea bila kupiga kelele, sasa mtoto hayupo nimlaze nani, nikamlaza paka, maana uzito niliona hawapishani sana, basi kila siku nikawa namchukua karakana, namtandikia blanketi, nambembeza, namwimbia, akitaka kutoka nampa kipande cha samaki, na wateja wakija wanamkuta anakoroma wanasifu kazi, wawili wakaagiza vitanda vya kwao. Mke wangu hajui hata chembe.

Je, nimwambie, au ninyamaze paka aende yaishe? Kazini siendi, nashinda chumbani na ufagio nalinda kitanda, maana mlango hatuna, kila mwaka nasema nitautengeneza kazi za watu zikipungua.

Ni mimi, Baba Mwenye Siri.

Baba Mwenye Siri,

Nimekucheka kwa ruhusa yako, sasa nisikilize. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mtoto wako wa kwanza ulimlea kwa nyimbo na samaki. Leo akirudi kitandani kwake unamshangaa nini?

Pole kwa kushinda na ufagio. Lakini mama aliyejifungua juzi analia kwa ajili ya rafiki yake wa miaka saba, na wewe unatazama dari. Darini kuna nini? Wanasema mficha uchi hazai. Wewe umeshazaa, unaficha nini tena?

Mama mkwe wako kuhusu wivu amekosea, ila kupiga ukelele alifanya vyema. Kichanga hawezi kujigeuza wala kuusukuma mkia usoni mwake, na paka akimlalia karibu na pua, mapenzi yake hayatamsaidia mtoto kupumua. Kwa hiyo chumba cha mtoto Bi Mkubwa asiingie, mtoto awe amelala au ameamka, hata paka akikutazama kwa macho ya kuomba huruma.

Halafu barua yako nimeisoma mara tatu nikidhani macho yangu yana kasoro. Seremala, na chumba chako kina pazia? Watu wote wanalala nyuma ya milango yako, mwanao analindwa na kitambaa? Leo hii weka ufagio chini, tengeneza mlango wenye komeo, na dirisha lipigilie wavu. Kisha mtengenezee Bi Mkubwa kitanda chake, nacho kibembee, ukiweke karakana, umtandikie blanketi lake lile la zamani. Samaki usimnyime, maana mazoea hayo ulimpa mwenyewe.

Lakini kabla hujashika randa, kaa na mkeo umwambie yote, pamoja na ule wimbo. Atakasirika, na unastahili kukasirikiwa. Shemeji yako akifika Jumamosi mpe kiti, mpe chai, mwonyeshe mlango mpya, na kapu lake arudi nalo tupu.