Kiwavi wa Mzee Pastory

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Mkutano wa wakulima, Kibingo. Mzee Pastory kaleta kiwavi kwenye kopo — manyoya kama brashi ya viatu! Kamwokota kibanjani kwake, chini ya mibuni. Huyu ni mdudu gani, bibi shamba? Watu wote wananitazama. Mimi na miezi yangu miwili kazini! Nikasema bila kupepesa: mharibifu wa kahawa huyu, Jumamosi tunapiga dawa, njooni wote mjifunze. Nikamshika kwa vidole wamwone vizuri.

Mkono umevimba kama andazi. Bi Sperancia, mke wa mzee, kanicheka: senene tunawala sisi, huyu kakula wewe. Kisha akauliza taratibu, na nyuki wangu je? Mizinga yake sita iko palepale, na kahawa imechanua. Nikajifanya napuliza mkono.

Jumanne, 8 Oktoba

Picha nimetuma kwenye grupu la chuo. Watu watatu, majina matatu. Nolasco wa ofisini Rubwera, niliyemtumia pia, kauliza swali moja tu: ulimkuta anakula nini?

Jamani! Sikuuliza. Kopo la mzee ninalo bado, nimemwekea majani ya mbuni.

Alhamisi, 10 Oktoba

Siku mbili, hajagusa hata jani moja. Bi Sperancia kapita na mkungu wake kichwani, nikamwamkia, akachungulia kopo. Kachuma kishona nguo kando ya njia, kamtupia. Papo hapo anatafuna! Kama mbuzi!

Kumbe anakula magugu. Mzee hajapalilia tangu Agosti, anasema Bi Sperancia, huyo alikuwa anamsaidia palizi. Tumecheka mpaka machozi. Halafu yeye akaacha kucheka. Mzee utamwambia? Leo hii, mama.

Sijamwambia. Nimeona aibu, basi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Saa mbili asubuhi, kwa mzee. Watu arobaini! Mzee na buti na barakoa, bomba mgongoni, dawa imeshachanganywa. Nyuki wamejaa kwenye maua. Anataka kwanza niwatajie watu jina la mdudu. Nimejibanza nyuma ya jiko na daftari hili, nimesingizia natafuta jina humu.

Jina silijui mpaka sasa! Najua anachokula tu. Na nyuki hawa wakifa, nimewaua mimi kwa mdomo wangu.

Mzee anaita: bibi shamba, umelipata? Bi Sperancia anamjibu, amelipata, anatafuta pa kuficha uso. Watu wanacheka. Mkono bado unawasha. Haya, nasimama, nikawaambie anachokula —