Kopo Lililo Juu ya Mafiga

Tunduma, Jumatano asubuhi

Mama mpendwa,

Shikamoo yako nimeiweka akiba, utaipata mwisho. Kama barua hii imekukuta jikoni na moto unawaka, toka uani sasa hivi, usomee huko. Usinyooshe mkono kichanjani kulichukua lile kopo la mafuta ya kupuliza nililokuletea Pasaka. Timotheo, huyu kondakta aliyekuletea barua, nimemkataza kukaa na kupokea chai mpaka uwe nje. Usimwone hana adabu, adabu yake leo ni hiyo.

Umetoka? Haya, sasa habari zako. Kifua kinaendeleaje na baridi ya huko Mbozi? Tangu jana jioni napiga simu yako haipatikani. Najua umeizima kutunza chaji. Ya jirani nayo inaita tu.

Huku mimi ni yuleyule, mfalme wa chipsi wa mpakani. Wazambia wanavuka kwa miguu kuja kula kwangu, na madereva waliofika Lubumbashi wananiuliza mimi habari za dunia. Usishangae mwandiko kuwa mzuri ghafla, mwanao amekua.

Basi Mama, unakumbuka nilivyolisifia lile kopo mbele ya wamama wa kanisa. Nilisema ukipuliza kidogo ndani ya bati, mkate unachomoka kama kondakta aliyeona trafiki. Hilo ni kweli. Nikasema linafaa hata kwenye bawaba za mlango, nalo si uongo sana. Mmoja wao, Loisi, akauliza kama lina hatari, nikamjibu kwamba mtu aliyefika Lusaka haulizwi maswali ya kopo. Mkacheka. Wewe ukauliza baridi ya Juni ikiyagandisha mafuta mle ndani itakuwaje. Nami, kwa sauti ya daktari, nikakuambia uliweke kichanjani juu ya mafiga, pamoja na mbegu za mahindi, joto na moshi vitalitunza. Nikasema imeandikwa ubavuni.

Hapa Goodness, mkwe wako, ameweka kalamu chini. Anasema haandiki neno jingine mpaka niseme kwa nini anaandika yeye.

Haya. Mkono wangu wa kulia umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko, na nyusi sina. Jana niliwafanyia wateja mbwembwe, nikapuliza mafuta ya kopo kama hilo lako juu ya karai lililo motoni. Moto ukaruka, wakapiga makofi. Nikalisimamisha kopo kando ya jiko la mkaa ili nipokee sifa kwa mikono miwili. Likapasuka. Kipande kimetoboa bati la paa.

Nesi aliyenifunga akaniambia mle ndani mafuta yanasukumwa na gesi, ikipata joto inavimba, na yenyewe inashika moto. Nikamuuliza vipi kopo likikaa juu ya mafiga kila siku. Akaacha kufunga bandeji, akaniuliza ni nyumba ya nani. Nikaitafuta simu kwa mkono wa kushoto.

Sikusoma kitu, Mama. Maandishi yote ni ya Kiingereza, na Kiingereza changu kinaishia kwenye bei. Niliyatunga yale maneno kwa sababu wamama walikuwa wananitazama, na wewe ulikuwa unanitazama kuliko wote. Goodness ameuliza kama alainishe hapo. Nimemwambia aache.

Sasa uache moto ufe wenyewe, asiingie mtu kuuzima. Kopo likishapoa kabisa, Timotheo alitoe, aliweke kabatini sebuleni, mbali na jua. Siku ya kuoka, lipulizie bati likiwa baridi, huko nje, na usivute ule ukungu wake, kifua chako hakiuwezi. Mafuta yakidondoka sakafuni yafute, yanateleza kuliko mimi. Mbegu za mahindi ziache zilipo, zenyewe hazijawahi kudanganywa na mtu.

Msalimie Loisi. Mwambie swali lake lilikuwa zuri.

Na sasa, shikamoo Mama. Nimeitamka kwa sauti hapa kitandani, Goodness ananitazama, maana nimetega sikio kama mtu anayesubiri kuitikiwa. Timotheo anarudi na gari la jioni. Nimemwambia parachichi zako safari hii asizibebe. Anibebee marahaba tu.

Mwanao asiye na nyusi,
Shadrack