Kifungu cha Saa ya Bibi

Jumatatu, 4 Agosti

Tumefungiwa! Walimu wanne, hosteli tupu, mlinzi getini, simu zetu kwenye kasha la bati. Hatutoki mpaka mtihani wa kusoma wa darasa la saba ukamilike na bahasha zitiwe lakiri Ijumaa. Daftari hili mlinzi alilipekua, akalikuta tupu, akanirudishia. Maskini, hajui ninavyopenda kuongea na karatasi.

Tupo Shangazi (hana mpwa humu, jina limetokana na umri na mdomo), Kipara, mimi, na Mwalimu. Sote ni walimu, lakini humu ndani ukisema "Mwalimu" ni yeye tu, mwenyekiti wetu. Ndiye aliyenifundisha kusoma. Wenzangu darasani walikuwa wanasoma, mimi nakariri kwa kuwasikiliza, wakigeuza ukurasa nageuza. Hakunitangaza. Alinifuata nje akaniambia, wewe hujui kusoma, njoo tuanze. Nililia. Kesho yake tukaanza.

Kazi ya wiki: vifungu vifupi, na swali moja kwa kila kifungu. Lengo la mwandishi ni nini? A kuarifu, B kuburudisha, C kushawishi, D kuonya. Linaonekana jepesi — mpaka ulitunge.

Utaratibu ni wa Mwalimu, miaka nenda miaka rudi. Kifungu kinaingia bila jina. Kinasomwa kwa sauti, kila mtu anaandika herufi yake kwenye kikaratasi, hata mtunzi mwenyewe, uso mkavu kabisa. Tukitofautiana, kinatupwa. Kumuuliza mtunzi alikusudia nini ni mwiko. Anasema ukimuuliza mwandishi hujasoma, umepeleleza.

Jumanne, 5 Agosti

Kuna jambo.

Asubuhi Mwalimu alipitisha kifungu cha kuchemsha maji. Baada ya chakula cha mchana akakipitisha tena, akakisifia upya. Tukacheka. Naye akacheka, lakini alichelewa kidogo.

Alasiri nikaiona karatasi ya majibu aliyoisahihisha kwa mkono wake. Tangazo la sabuni — nunua leo, nguo zako zing'ae! — amekata "kushawishi", ameandika "kuarifu". Kifungu cha sita kimepewa jibu la cha saba. Mwalimu! Mtu ambaye ungemwamsha usingizini angekuonyesha nukta iliyokosekana.

Shangazi alinivuta koridoni. Kumbe anajua tangu mwaka jana. Alisema mzee anastaafu baada ya mtihani huu, tumwache aondoke na heshima yake. Akienda kupumzika tunazipitia karatasi, tunazirekebisha, ndipo zinakwenda kwa mchapaji. "Funika kombe mwanaharamu apite, mwanangu."

Kipara alinung'unika kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini kalamu aliishika. Na mimi niliishika.

Jumatano, 6 Agosti

Mpaka leo tumerekebisha sita. Mimi ndiye mwandikaji. Mwandiko wangu unafanana na wake — ningeutoa wapi mwingine? Mkia wa "j" ule ule. Shangazi ananipigapiga begani, anasema nina mkono wa dhahabu. Sijisikii vizuri hata kidogo.

Kifungu kimoja kimetupwa, tumepungukiwa. Nimetunga kingine upesi upesi. Saa ya ukutani ya bibi yangu. Angalau nimecheka peke yangu.

Alhamisi, 7 Agosti

Niandike kwa mpangilio.

Kifungu changu kilisomwa asubuhi. Sasa kimetupwa, kwa hiyo si siri tena, nakinakili:

"Nyumbani kwa bibi kuna saa ya ukutani. Inachelewa. Sote tunajua. Babu akiuliza ni saa ngapi, tunaitazama, tunaongeza nusu saa moyoni, tunamjibu. Siku moja alikuja mgeni. Akaifuata saa ile, akaachwa na basi. Bibi alimpa pole nyingi, akamtandikia kitanda. Saa hatukuigusa."

Shangazi ndiye aliyekisoma. Alipofika kwenye "tunaongeza nusu saa moyoni", sauti yake ikapungua. Na mimi ndipo nikasikia nilichoandika! Haki ya Mungu, nilikuwa naandika saa ya bibi. Au sivyo? Ningeapa Jumatano. Leo siapi.

Vikaratasi vikafunuliwa. Shangazi B, kuburudisha. Kipara B, mimi B. Mwalimu D, kuonya.

Kipara akajaribu utani, akasema labda wenye saa wameonywa wanunue betri. Hakuna aliyecheka. Mwalimu alikichukua kifungu, akakisoma tena kwa macho, midomo inacheza. Kisha akasema polepole, nakumbuka kila neno:

"Nyinyi mnaitazama saa. Mtazameni mgeni. Saa haikupata hasara, wenye nyumba hawakupata hasara. Aliyeachwa ni yule asiyejua kwamba kuna nusu saa ya kuongeza. Huyu mwandishi hachekeshi. Kuna mtu anayetaka kumjulisha jambo, na anaogopa kumwambia."

Hakunitazama. Hakumtazama mtu. Alikikunja kifungu, akakitia mfuko wa shati. Vinavyotupwa huwa tunavichana! Hakukichana.

Halafu akatangaza: karatasi zote za majibu ziletwe chumbani kwake. Kesho atazipitia mwenyewe, atasaini mwenyewe, atatia lakiri mwenyewe. Gari linakuja adhuhuri. Akishasaini hakuna wa kugusa.

Basi njama yetu imekwisha. Karatasi tulizokwisha kurekebisha ziko kwake na kalamu yake. Anaweza kuziharibu tena zote, na watoto wasiomjua hata kwa jina wataweka alama kwenye jibu sahihi na kukosa. Hao ndio mgeni. Nimeandika kifungu kizima bila kumjua mgeni wangu mwenyewe!

Kipara anataka tumwambie leo. Nani amwambie? Akanitazama mimi. Shangazi akasema anayetaka kumuua mzee wa watu kwa aibu aende, yeye hayumo. Nikasema tusubiri asubuhi. Mwoga mimi.

Ijumaa, 8 Agosti

Hakuja kunywa chai. Mlango wake umefungwa. Mlinzi kagonga mara mbili, kajibiwa asubiri.

Kipara hasemi na Shangazi. Shangazi anafuta meza iliyo safi.

Baadaye. Ameniita. Barazani, viti viwili, karatasi zote zimepangwa sakafuni na mawe juu yake zisipeperushwe. Lakiri na mshumaa pembeni. Hajasaini hata moja.

Nilidhani ataniuliza kuhusu saa. Hakuuliza. Alinionyesha karatasi ya Jumanne, tangazo la sabuni. "Kuarifu" imekatwa, "kushawishi" imerudishwa, kwa mwandiko wake — wangu.

Akasema, "Mwanangu, haya masahihisho ni sahihi. Yako sita. Nimeyatazama tangu alfajiri. Ni mkono wangu, na siyakumbuki."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Tulidhani tunamsitiri! Mzee wa watu amekaa asubuhi nzima akiamini amesahau hata mazuri aliyoyafanya.

Akaendelea, sauti ya chini, bila hasira. Kwamba mambo ni mawili. Ama ameyaandika na akili haiyakumbuki, basi hafai kusaini. Ama hakuyaandika, basi kuna mtu anayeongeza nusu saa, na bado hafai kusaini. Lakini anataka kujua ni lipi.

"Nimekataza miaka yote kumuuliza mwandishi," akasema. "Leo nakuuliza."

Nyuma yake, dirishani, Shangazi alikuwa amesimama. Akachora herufi kwenye kioo kwa kidole. B. Mwambie B. Mwambie, ni utani tu, Mwalimu, saa ya bibi ilikuwa utani, na haya uliyaandika wewe, uchovu tu.

Na ningeweza! Angenisadiki, au angejifanya. Angesaini. Sita zile ziko sawa. Lakini nyingine nimezitupia jicho pale sakafuni, na kwenye kifungu cha kumi na moja kuna wino mpya, wa leo. Barua ya mtoto inayomwonya kaka yake asiogelee mtoni. Amekata "kuonya", ameandika "kuburudisha".

Nikasema ngoja, Mwalimu, nikachukue miwani chumbani nizisome vizuri. Nikainuka mbio.

Niko kitandani naandika hivi. Gari limeshafika, nasikia mlinzi akifungua geti. Kauli yake ya zamani ndiyo inayonijia, ile ya nje ya darasa, wewe hujui kusoma, njoo tuanze. Aliisemaje kwa urahisi vile?

Miwani nilikuwa nimeivaa. Tangu nilipokaa barazani nilikuwa nimeivaa, na aliiona. Alinitazama usoni, akasema, "Nenda kaichukue, mwanangu. Nakungoja."