Kosa la Namba Sita

Anderlecht, Bruseli
Jumapili, baada ya misa

Yaya Nsimire, dada yangu mkubwa,

Ukiona mwandiko wangu usiitupe barua hii kwenye mbabula ya makaa kabla ya kuisoma. Isome mpaka mwisho, halafu ukitaka kuwashia moto, washa. Karatasi yenyewe ni nzuri, itashika upesi.

Goti lako la kushoto linaendeleaje na ngazi zile za Kadutu? Ukuta wa nyuma umevumilia mvua za mwaka huu? Watoto wanasoma? Ninauliza mambo ambayo zamani niliyajua kabla hata ya kuuliza. Ni mwaka mmoja na miezi miwili sasa sijasikia sauti yako, isipokuwa ule ujumbe wako wa mwisho kwenye simu, ambao ninausikiliza hata siku nisizotaka. Mimi mwili ni mzima na kazi ipo. Baridi imepungua, mvua haijapungua.

Upweke sikufichi. Huku kazini mimi ni madame, kwenye basi mimi ni madame, na jina langu linaweza kumaliza wiki nzima bila mtu kulitamka. Jumapili tunaimba, tunaulizana habari mlangoni mwa kanisa, halafu kila mtu anakimbilia metro yake. Ninarudi chumbani kupika bugali wa mtu mmoja, na wewe unajua kipimo cha mtu mmoja sikukijua tangu utoto. Unabaki, Jumatatu ninaula tena. Kuna siku ninaisemesha sufuria kwa Mashi, ili lugha isiote kutu mdomoni. Sufuria haijibu, lakini angalau hainiiti madame.

Sasa nikupe habari za mzee wangu wa Evere, maana ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Ninamwita Papa Gust. Ana miaka themanini na kitu, mke alikufa, mtoto hakupata. Macho yake yamekwisha: anaona mwanga na kivuli cha mtu, herufi haoni. Kila asubuhi ninapanda metro 5, kisha basi, ninamwogesha, ninampa dawa zake, ninampikia. Miezi ya kwanza mazungumzo yetu yote yalikuwa supu. Leo chumvi imezidi, kesho chumvi imepungua. Nikamzoea hivyo hivyo na kelele zake.

Mwishoni mwa baridi akaja mlangoni msichana mmoja mwanafunzi, kiongozi wa timu ya besiboli ya chuo kikuu alikosoma Papa Gust. Walitaka historia ya timu iandikwe, waitundike ukutani kwenye kibanda chao cha kubadilishia nguo. Katika wale wa mwanzo walikuwa wamempata yeye peke yake. Papa Gust alikubali kabla msichana hajakaa. Alipoondoka, mzee akaniambia nivute sanduku la bati chini ya kitanda, nami nikapiga chafya mara sita kwa vumbi. Ndani kulikuwa na vitabu vya michezo, kila mchezo waliocheza umeandikwa kwa mkono wake.

"Wewe utakuwa macho yangu," akasema. "Na mkono pia."

Mchezo wenyewe, Yaya, ungeuona ungecheka. Mtu anasimama na fimbo nene kama mchi wa kutwangia sombe, wanamrushia mpira, anaupiga, anakimbia mpaka kituo cha kwanza. Wapinzani wake wako tisa uwanjani na kila mmoja ana namba ya mahali pake. Namba sita anaokota mpira chini, anamtupia namba tatu anayengoja pale kituoni. Namba tatu akiudaka kabla mkimbiaji hajafika, mkimbiaji ametoka. Hiyo inakutosha, mimi mwenyewe sijui zaidi sana. Lakini kuna jambo lililonishangaza. Kwetu timu ikifungwa watu wanapiga kelele, wanalaumiana, wanarudi nyumbani. Hawa wana mwandishi anayekaa pembeni, na mtu akikosea, kosa lake linaandikwa kitabuni kwa namba yake. Mpira ukianguka kati ya sita na tatu, ni mwandishi peke yake anayeamua: aliyetupa ndiye aliyekosea, au aliyepaswa kudaka. Na akishatia sahihi, hakuna mkono mwingine unaoruhusiwa kugusa. Kazi hiyo ndiyo aliyokuwa akiifanya Papa Gust.

Timu ilianza na mtu mmoja tu, jina lake Wendell, mwanafunzi kutoka kisiwa kimoja cha Karibi, aliyekuja na glavu ya ngozi ameikunja katikati ya mashati. Alilala chumba kimoja na Papa Gust. Hapakuwa na mtu wa kucheza naye, basi kila jioni alirusha mpira ukutani mwa bweni na kuudaka mwenyewe, mpaka msimamizi akachoka kumkemea. Papa Gust alimhurumia, akaenda kusimama mbele yake. Mpira wa kwanza ulimpiga kifuani. Halafu akaja Karel, mdogo wake Papa Gust, halafu wengine. Chuo kikawapa uwanja ambao hakuna aliyeutaka kwa sababu ulijaa maji. Mwaka wa kwanza hawakushinda hata mchezo mmoja. Watu wa Antwerpen, walioujua mchezo zamani, waliwapiga mpaka wakaanza kuwaonea aibu. Wendell hakukasirika. Aliwafundisha kusimama, kutupa, kuanguka bila kuvunjika. Kwa Papa Gust alishindwa, akampa penseli na kitabu, akamwambia, "Wewe usiguse mpira tena, utaua mtu."

Mwaka wa nne wakafika fainali.

Nilipenda kazi hii, Yaya, nakwambia kweli. Nilikuwa nikisoma vile visanduku vidogo, naye anafumba macho anasema, "Ndiyo, hapo aliteleza kwenye matope, tulicheka mpaka mchezo ukasimama." Nyumba ile ilipata watu. Jioni nilirudi Anderlecht na majina yao kichwani, na chumba hakikuwa kimya sana.

Tulipofika kwenye kitabu cha fainali, hakutaka nisome. "Hii ninaikumbuka," akasema. "Andika: mwishoni Wendell alitupa vibaya, tukapoteza." Lakini kitabu kilikuwa kimefunguka mkononi mwangu. Kwenye kisanduku cha mwisho pameandikwa kosa, namba sita. Chini yake karatasi imekwanguliwa mpaka ikawa nyembamba, na namba nyingine bado inaonekana. Tatu. Unanijua mdomo wangu.

"Papa Gust, hapa pamefutwa."

Akasema, "Supu inaungua."

"Sijaweka supu motoni."

"Basi nenda nyumbani, Faida."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita jina langu, na aliniita ili kunifukuza.

Siku tatu tulikaa kama watu wawili kwenye foleni. Ya nne nilikuwa nikimkata kucha, mkono wake uko mkononi mwangu, akaanza kusema bila kuulizwa. Mpira wa Wendell, aliyecheza namba sita, ulikuwa mzuri, ulifika kifuani kwa Karel aliyesimama namba tatu. Karel aligeuza macho kumtazama mkimbiaji, mpira ukamtoka. Papa Gust aliandika tatu papo hapo, kwa sababu ndiyo kweli. Baada ya mchezo Karel alikuwa analia, na baba yao akashuka kutoka kwa watazamaji akasimama nyuma ya kiti cha mwandishi. "Huyo ni ndugu yako," akamwambia, basi. Papa Gust akakwangua tatu, akaandika sita, akatia sahihi.

"Wendell hakuwa na mama wala baba pale uwanjani," Papa Gust akaniambia. "Nilimwandika yeye kwa sababu hakuwa na mtu."

Jumatatu Wendell alisoma kitabu, maana alikisoma kila wiki. Alikifunga, akakirudisha mezani. Hakurudi uwanjani tena. Miaka miwili baadaye timu ikafa, na ilipofufuliwa na vijana wengine walirithi na hadithi hiyo pia, ya mgeni aliyewapotezea fainali. Katika kila karamu ya wazee ilisimuliwa tena kwa kicheko. Karel ameshakufa. Papa Gust alikuwa akicheka pamoja nao.

Siku hiyo aliniomba nimfungulie ukurasa ule na nimpeleke mkono mpaka kwenye kisanduku. Nilishika kifundo cha mkono wake. Aliandika tatu kubwa, imepinda, imetoka nje ya mstari, na jina lake pembeni. Kisha akanitajia, niandike, maneno ya kwenda ukutani: kwamba timu hii ilianzishwa na Wendell, kwamba mpira wake ulikuwa mzuri, na kwamba mwandishi alidanganya. Kwa Wendell mwenyewe tuliandika barua. Anwani ilikuwa nyuma ya kitabu, ya kule kisiwani, ya zamani. Nilipanga foleni posta mwenyewe.

Wiki iliyopita barua ilirudi. Niliikuta kwenye sanduku la barua katikati ya matangazo ya magodoro, imebandikwa karatasi kwamba mwenyewe hajulikani. Nilifikiri kuificha, nimwambie labda jibu liko njiani. Mimi kuficha ninajua, utaona hapa chini. Lakini nilimpa. Aliipapasa ile karatasi kwa kidole gumba, akasema, "Nimechelewa." Akala supu yake na hakulalamikia chumvi. Nilitamani alalamike.

Ndani ya basi nililia, Yaya, mpaka mama mmoja akanipa nafasi yake nikae.

Sasa nisikilize. Mwaka jana ulinipigia Jumanne. Papa wetu alikuwa bado anapumua, nilimsikia nyuma yako akikohoa. Ulisema, "Kuya sasa, Faida, iko anakuuliza." Nikakujibu kwamba karatasi zangu za ukaazi bado hazijatoka. Zilikuwa zimetoka, Yaya. Wiki tatu kabla. Zilikuwa mezani mbele yangu wakati ninakudanganya. Hakuna mtu aliyenizuia. Niliogopa tu. Papa niliyemwacha alikuwa amesimama mpakani Ruzizi na koti lake la kijani, ananiambia nifunge vizuri begi. Nilitaka abaki amesimama. Nikasema Jumatano nitatafuta ndege, nikasema Alhamisi. Ijumaa akafariki.

Tonton Déo alipopiga simu, analia na kufoka, "Juu ya nini mutoto wa Papa haiko hapa?", mdomo wangu ulisema, "Yaya aliniambia kwa kuchelewa." Maneno hayo yalitoka kirahisi. Nilikuwa na muda wa kuyarudisha, simu ilikuwa bado sikioni, na sikuyarudisha. Yeye, mdogo wake Papa, ndiye mkubwa wa familia sasa, akiamini jambo limeaminika. Halafu siku ya kuondoa matanga ukanitumia ule ujumbe. Ninaujua kwa moyo: "Faida, balinikalisha na bageni. Mie mutoto mukubwa wa Papa, mwenye nilimuogesha mpaka siku ya mwisho, balinikalisha na bageni." Baada ya hapo hukunisemesha tena, na mimi nilijifanya sijui sababu.

Wewe ulitupa vizuri. Ulinifikishia habari kwa wakati, mpaka mkononi. Aliyedondosha ni mimi, na kisha nikaandika namba yako.

Maman Chantal, yule wa Bukavu anayesuka nywele kwenye Galerie d'Ixelles, anakuja huko. Jana nilikuwa kitini kwake.

"Mi naenda le douze ya mwezi," akaniambia. "Kama iko kitu ya kutuma, ulete mbio, valise iko karibu kuyala, haitafungika."

"Iko barua tu, maman. Mbili."

"Barua? Alors, na telefone iko?"

"Hii haiwezekane ku telefone."

Alisimamisha kitana, akanitazama kwenye kioo, kisha akaendelea kusuka. "Bon. Ntaitia mu mikono yake mwenyewe."

Bahasha ya pili ni ya Tonton Déo. Nimemwandikia yote haya kwa ufupi, na nimemwomba aisome mbele ya familia siku ya misa ya kumbukumbu ya Papa, kwa sauti, yeye mwenyewe. Sikuifunga. Isome wewe kwanza. Ukiona neno linapungua usiliongeze kwa mkono wako, niambie mimi niliandike. Ukiona hutaki isomwe, ni haki yako pia, lakini naomba uipeleke.

Nisalimie watoto wako, hasa yule mkubwa mwenye jina la mama yetu. Msalimie shangazi anayekaa karibu na soko, mwambie kitambaa alichonifungia sijawahi kukivua shingoni wakati wa baridi. Msalimie mume wako, ambaye hakuwahi kunisema vibaya hata alipokuwa na sababu. Tonton usimsalimie kwa niaba yangu, nimemsalimia mwenyewe.

Nimeomba likizo kwa Papa Gust. Alikubali, akaniuliza nani atampikia, kisha akasema hata jirani anaweza kuharibu supu. Karatasi ninazo na tiketi nitakata, nije kwenye misa hiyo. Usijisumbue kunipokea mpakani. Nitapanda Kadutu mwenyewe, nitaingia uani, na kama kuna viti vya wageni nitakaa hapo, mpaka wewe uniite.

Mdogo wako,
Faida