Hapana ya Kaka Elia

Wete, Pemba
Jumapili, 14 Septemba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuahidi leo nitakueleza yote, hata yale ambayo Kaka Elia angependa niyaruke. Kwanza, goti lako limepoa? Na baridi ya Njombe imeviachia viazi, au imeviunguza tena? Sisi huku wazima, na masomo yangu yanakwenda vizuri.

Kwenye simu nilipokuombea Kaka ruhusa ya kuendelea na mafunzo ya kuzamia baharini, ulisema "hapana" kabla sijamaliza, ndiyo maana naandika. Najua unamfikiria yule mwenzake Kaka aliyepanda haraka kutoka kina kirefu, akapooza miguu. Mama, yule alifundishwa kwa pupa. Siku hizi mafunzo ya kina kirefu yamebadilika. Bi Rukia, mkufunzi mpya, hampi mtu cheti kwa sababu tu ni hodari wa kuogelea. Anataka kila mmoja apime mwenyewe hewa ya mitungi yake, apande kwa vituo ili hewa iliyoingia mwilini itoke taratibu, na zaidi ya yote ajue kukataa. Yeyote akiinua kidole gumba, maana yake ni "tupande", na wote hupanda bila kuuliza sababu.

Jana aliniruhusu nikae botini nitazame. Walizamia watatu: yeye, Kaka, na Hamad, mwanafunzi mwenzake kutoka Kojani. Walirudi mapema kuliko nilivyotarajia. Kumbe pumzi zilimwenda Kaka mbio, akainua kidole.

"Kiazi cha Njombe kishaiva!" Hamad akacheka.

Bi Rukia akamgeukia. "Na wewe, mwanangu, ulikuwa mzima kule?"

Hamad akainama. "Sikio lilikuwa lanichoma, Bi. Niliona haya kukukatisha."

"Haya zako ziache gatini. Chini kule hakuna mkubwa. Haya, nikatalie!"

"Siendi... samahani, Bi."

"Toa hiyo samahani!"

Hamad alirudia na kurudia, mpaka nahodha naye akawa anamsaidia kupaza sauti: "Siendi!" Tulicheka sote, na Hamad mwenyewe. Hakuna aliyeshuka tena siku ile.

Mama, ulitulea tusimkatalie mkubwa, na malezi hayo sijayaacha. Ila jana nilimtazama Kaka, yule aliyekuwa akinywa hata uji asioutaka kwa kuwa umemwekea wewe, nikaona kwamba huyu atarudi nyumbani salama. Hatua ya mwisho ya mafunzo inaanza mwezi ujao. Hajajiandikisha. Anasema hashuki bila baraka yako.

Bi Rukia ameniuliza kama najua kuogelea. Nimemwambia najifunza. Hilo tutaliongea siku nyingine.

Nisalimie Bibi, mlinzi wa kuku wetu, na Baba Mdogo, mpiga kengele wa kanisa. Mwambie mdogo wangu Neema kwamba kombe nililomwokotea pwani ninalitunza.

Ni mimi bintiyo, Upendo, nikikuuliza jambo moja, unijibu mara upatapo barua hii: Kaka amejua kumwambia mkubwa wake hapana, wewe je, Mama, utaweza kumwambia ndiyo?