Samaki wa Beseni

Salgaa,
Mei 18

Kwako Kipyegon, ndugu yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. U mzima? Na joto la Garissa mnapatana? Sisi tu wazima, ila Baba magoti yanamsumbua. Simu zangu hupokei, basi nimeamua kukuandikia. Barua huwezi kuikata.

Mwezi wa pili nilichimba udongo kule bondeni, pale tulipokatazwa kucheza, nikandike banda la kuku. Ulikuwa umepasukapasuka, mkavu kama mkate wa wiki jana. Mabonge yaliyobaki niliyatupa kwenye beseni kuukuu nikayasahau. Mwezi wa nne mvua ikalijaza. Siku ya tano niliinama kutazama, nikaona macho. Macho tu, Kipyegon, yanang'aa, na nyuma yake mwili mwembamba kama uzi! Nilipiga magoti matopeni na gauni langu la kanisani.

Sasa wanakaribia urefu wa kidole gumba. Madume wana mikia myekundu, majike ni wa kahawia tu. Makhanu, mwalimu wa sayansi hapa sekondari, alikuja akashika kichwa. Alisema hakutarajia kuwapata huku juu. Akanieleza kwamba dimbwi likikauka wazazi wote hufa, lakini mayai hubaki hai ndani ya udongo mkavu, miezi na miezi. Tena mvua ya kwanza hayaanguliwi yote. Mengine husubiri, isije ikawa mvua ya uongo. Nani aliyafundisha? Nikiwaza, mwili unanisisimka mpaka leo.

Sasa nisikilize. Ulipokuwa na miaka tisa ulimwambia Baba umeona samaki kwenye dimbwi ambalo mwezi uliotangulia lilikuwa vumbi. Ulimleta aone mkebe wako, mkaukuta mtupu. Alikuchapa mbele ya watoto wa kanisa, na jina la Muongo likakufuata mpaka ukahama. Mkebe niliumwaga mimi. Uliniachia niushike, nikaogopa Baba angejua kwamba nami nilikuwa bondeni. Niliwaona samaki wako, wote wanne, nikanyamaza miaka thelathini na moja. Nisamehe.

Nimemwambia Baba. Tangu Jumapili ameweka kiti chake kando ya beseni, na jana aliniuliza basi la kutoka Garissa hufika saa ngapi. Anasema uje kabla maji hayajakauka.

Nisalimie Emmy na watoto, kila mmoja kwa jina lake.

Ni mimi dada yako,
Cherono